Kayamba Nyekundu Haikupigwa Picha

Usiku wa kuamkia Jumamosi niliota nimepanga foleni kwenye duka la dawa, nimeshika chupa ya maji ya ziwa, na mfamasia ni samaki.

Samaki hakunishangaza. Kilichonikera ni foleni. Mbele yangu walikuwapo korongo wawili na mama mmoja mwenye ndoo, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na haraka. Mfamasia alikuwa besi, yule samaki mwenye kinywa kikubwa kuliko kichwa chake tunayemvua hapa Naivasha kwa fimbo ya mshipi. Alivaa koti jeupe lililofungwa vifungo vyote, na miwani ambayo haikuwa na pa kukaa, maana besi hana masikio. Ilikaa tu.

"Sampuli," akasema zamu yangu ilipofika.

Nikampa chupa. Akaiinua kwenye mwanga, akaitikisa, akainusa.

"Chai ya maziwa," akasema. "Tangu lini yako hivi?"

"Tangu mvua zilipoanza, wiki sita sasa."

"Magugu?"

"Yako futi tatu chini. Hayajafika juu."

Akaandika. Nyuma yake, pale ambapo pangekuwa na vidonge na dawa za kikohozi, rafu zote zilijaa kayamba.

Afadhali nieleze, maana hata mke wangu Wakesho bado huniuliza. Kayamba ni chambo bandia, na jina hilo tumelipa sisi wavuvi wa fimbo wa hapa. Ni kisamaki bapa cha plastiki chenye gololi ndogo tumboni. Vyambo vingine vya jamii yake vina kibao mbele, kama mdomo wa chini wa mtu aliyenuna, na kibao hicho ndicho kinachovipeleka chini. Kayamba haina mdomo. Unaifunga mshipi mgongoni, unairusha mbali, inazama yenyewe, na ukiivuta inatetemeka na kupiga kelele mpaka besi aliyekuwa amejilalia anapandwa na hasira na kuiuma. Besi haiumi kwa njaa. Anaiuma kama ambavyo ungetamani kumzaba kofi mtu anayechezea kalamu yake wakati wa mazishi. Ukiacha kuivuta, inazama. Kazi yote ya mvuvi ni kuchagua uzito, kelele na rangi, na kuna watu wazima hapa kwetu hawasalimiani kwa sababu ya rangi.

"Maji safi, ya fedha," besi akakariri huku akiandika. "Maji ya matope, nyekundu au ya dhahabu. Samaki wako mkubwa wa mwisho ulimpata kwa ipi?"

"Ya fedha," nikasema.

Nilisema haraka mno. Korongo mmoja aliyekuwa ameshahudumiwa akageuka kunitazama.

Basi ngoja niseme ilivyokuwa. Wiki tano zilizopita nilimpata besi wa kilo tatu na nusu, mkubwa kuliko wote mwaka huu. Nilikuwa peke yangu. Olang'o, aliyemwoa dada yangu Mkamburi na ambaye tumevua boti moja kwa miaka tisa, alikuwa amekwenda Gilgil kuchomelea lango la mtu. Samaki yule aliuma kayamba nyekundu iliyobanduka rangi begani. Kabla ya kupiga picha nikaichomoa ile nyekundu, nikamtundika ya fedha mdomoni, nikatabasamu. Kila mvuvi wa fimbo anajua kwa nini. Ukionyesha rangi yako ya kweli, Jumamosi inayofuata ziwa zima linarusha rangi hiyo.

Nilikusudia kuwadanganya wengine. Lakini jioni Olang'o akanipigia simu. "Shemeji, hii ya fedha ni kweli?" Nikamwambia ni kweli, haki ya Mungu. Sijui kwa nini. Mdomo ulitangulia, mimi nikafuata.

Tangu hapo Olang'o amerusha ya fedha Jumamosi nne katika maji ya matope, na hajapata hata magamba. Ile ya kwanza tulikuwa pamoja, na mimi nikarusha ya fedha pia ili uongo wangu usimame vizuri, nikaambulia maumivu ya bega. Baada ya siku hiyo akaniambia ana mkosi na hataki kuniambukiza. Akahamia kuvua ukingoni, peke yake. Simu zangu hapokei. Mkamburi anasema anatafuta mtu wa kumuuzia fimbo. Na Jumamosi hii ndiyo mashindano ya jozi, ambayo tumeshiriki miaka yote tisa. Nilimkumbuka sana shemeji yangu, nasema waziwazi, na aibu ndiyo iliyonizuia kumfuata nyumbani kwake.

Besi akafungua jalada.

"Tuna mgonjwa mwingine anayetumia dawa hii," akasema. "Cheti chake kimeandikwa na wewe."

Akanionyesha. Mwandiko ulikuwa wangu: *Fedha, mara mia mbili kwa siku, kabla na baada ya chakula.*

"Amepungua," besi akasema. "Jumamosi iliyopita alirusha mara mia mbili na kumi. Tulikuwa tumekaa tunamwangalia. Wengine walitaka kuuma kwa kumhurumia, lakini sisi huruma hatukuumbiwa."

"Samahani," nikasema.

"Na mimi je?" Akaweka kalamu chini, akavuta shavu lake kwa pezi. Kulikuwa na kitundu kidogo, kimepona vizuri. "Ulinirudisha majini, nashukuru. Lakini ulinipiga picha na kitu ambacho sijawahi kukiuma maishani mwangu. Mama yangu aliiona ile picha. Akaniuliza, mwanangu, hata wewe na vitu vya fedha?"

Besi akavuta droo ya chini kabisa. Ndani yake, juu ya pamba, alilala kayamba nyekundu, amebandikwa plasta begani.

Alizungumza kwa gololi zake, na nilimwelewa kila neno, kama unavyomwelewa mtu anayebamiza mlango.

"Nani alimvuta huyu mfamasia?" akauliza.

"Wewe."

"Nani alipigwa picha?"

"Ya fedha."

"Ningesema mwenyewe, lakini mimi sina mdomo. Wewe unao, na unautumia vibaya. Niazime."

Nilitaka kuuliza utaratibu, lakini besi alikuwa ameshachukua koleo, zile ndefu za kuchomolea ndoana. Akanitoa mdomo wa juu na wa chini, pamoja na masharubu. Haikuuma. Akambandika yule nyekundu kwa kipande cha plasta, akarudi nyuma hatua moja kutazama kama imekaa sawa.

"Sasa asiye na mdomo ni wewe," akaniambia. "Sheria unazijua. Ukisimama unazama."

Nilikuwa nimesimama. Nikatazama chini, nikaona vigae vya duka vimenifika magotini. Yule mama mwenye ndoo, ambaye bado alikuwa hapo, akaniambia kama nimemaliza niwapishe wengine. Nikamaliza. Sakafu ikanifunika kichwa bila ya kelele.

Niko ndani ya kisanduku cha vyambo. Nimelala ubavu katika chumba changu kidogo. Nina ndoana ya meno matatu tumboni, na nyingine nyuma, mahali ambapo si adabu kupataja. Tumboni nina gololi. Jirani yangu anang'aa sana.

"Wewe ndiye wa kwenye picha?" namuuliza kwa gololi.

"Ndiye mimi," anasema yule wa fedha, na anageukia ukuta. "Watu wananiheshimu mno. Sijawahi kushika samaki, ndugu yangu. Nilining'inizwa tu. Tangu siku hiyo narushwa mara mia mbili na mtu mzuri asiye na neno na mtu, na sijui nimwambie nini."

Kifuniko kinafunguka. Jua. Olang'o ananiinamia, amepandisha miwani yake ya kuchomelea kwenye paji la uso. Tuko katika boti yangu. Mbele, mahali ninapokaa mimi, amekaa kayamba nyekundu, ukubwa wa mtu mzima, amevaa kofia yangu, midomo yangu na masharubu yangu. Vinampendeza kuliko vinavyonipendeza mimi, jambo ambalo sikulifurahia.

Ukingoni watu wamejaa kutazama mashindano.

"Kapu Tupu!" mmoja anaita. "Leo vipi, Kapu Tupu?"

Olang'o anainua mkono na kuwasalimu, kama vile ndivyo alivyoitwa siku ya kuzaliwa. Jina hilo lilimwangukia Jumamosi yake ya pili bila samaki. Kufikia saa sita mchana lilikuwa limezunguka ufuko mzima, na kufikia jioni watoto wake walirudi nalo nyumbani. Aliyelianzisha ni mimi. Nilikuwa kwenye kibanda cha chai, watu walikuwa wananisikiliza, na likanitoka. Walicheka vizuri sana. Kumwona sasa akiliitikia kuliniuma kuliko ndoana.

"Shemeji," Olang'o anamuuliza yule wa mbele, "leo rangi gani?"

Nyekundu anafungua midomo yangu. Nasubiri ukweli. Nauogopa, na pia nautaka.

"Ya fedha, shemeji," inasema sauti yangu. "Haki ya Mungu."

Nyekundu anashtuka. Anaifunika midomo kwa pezi na kunitikisia gololi kwa sauti ya chini.

"Si mimi. Ni hii midomo. Tangu dukani nimejaribu mara tatu. Naielekeza kwenye nyekundu, inakwenda yenyewe kwenye fedha. Imezoea."

Olang'o anashusha pumzi. Anatia mkono kisandukuni kumchukua yule wa fedha, lakini wa fedha anajibana kwenye kona asishikike, na vidole vya Olang'o vinanipata mimi. Ananiinua, ananigeuzageuza.

"Hii sikumbuki kuinunua," anasema. "Ina kitambi."

"Inafaa kwa kina," inasema midomo yangu, ambayo hunitetea inapotaka.

Ananifunga mshipi mgongoni, katikati ya mabega. Analowesha fundo kwa mate, anavuta kuhakikisha, anatazama upepo. Halafu ananirusha.

Naruka. Napita juu ya mafunjo, napita juu ya wale korongo wa dukani, na nina nafasi ya kutosha kuyafikiria maisha yangu. Siyapendi. Natua majini kwa tumbo.

Huko juu Olang'o anahesabu kwa sauti. "Moja. Mbili. Tatu." Kila hesabu nashuka futi moja, na kwenye tatu nazigusa ncha za magugu, naye anaanza kuzungusha rili, kile kigurudumu cha mshipi. Kazi yake anaijua. Nikinaswa kwenye magugu ananing'oa kwa mkupuo mmoja, nachomoka, natetema, nashuka tena. Kiboko mmoja anapita chini kwa miguu, kwapani ana faili.

"Leseni," anasema.

Namwonyesha ndoana ya nyuma. Anaitazama kwa makini, anagonga muhuri, anaendelea na safari.

Wako besi kumi na moja kwenye benchi la magugu. Wananitazama nikipita, nikirudi, nikipita.

"Huyu mbona hana kelele?" mmoja anauliza.

Ni kweli. Sitoi sauti. Gololi ninazo, lakini hazisogei, kwa kuwa tumbo limejaa kitu ambacho sijakisema, nazo zimekosa nafasi.

"Mwanamume mzima," anasema besi mwingine, "na hakeri hata kidogo."

Hilo hakuna aliyewahi kuniambia tangu nizaliwe. Wanarudi kwenye mazungumzo yao, kitu kuhusu mama mmoja na picha.

Mara mshipi unalegea. Olang'o ameacha kuzungusha. Ninakujua kuacha kwake kwa miaka tisa. Kuna kule kwa kumtega samaki, na kuna huku. Sauti yake inashuka kwenye mshipi, nyembamba.

"Shemeji, mimi basi. Tukifika ukingoni nauza fimbo. Wewe tafuta mwenzako mwenye bahati."

"Usikate tamaa, shemeji," inajibu midomo yangu. "Endelea na ya fedha."

Nazama. Napita kwenye magugu, nafika kwenye tope, na tope linaanza kunifunika macho. Hapo nikaogopa. Sikuogopa tope. Niliogopa kwamba atauza ile fimbo kweli, ataishi miaka arobaini akiamini Mungu alimwekea mkosi, na mimi nitakuwa nakula Krismasi nyumbani kwake.

Nikajitikisa. Mwanzoni hakikutoka kitu. Nikajitikisa tena kwa nguvu zangu zote, na gololi ya kwanza ikaachia, kisha ya pili.

"Nyekundu," nikasema. "Ilikuwa nyekundu. Picha niliibadilisha. Ilikuwa nyekundu."

Kelele ilikuwa mbaya sana. Besi wote kumi na moja wakasimama kwenye benchi. Mmoja akaja mbio amefungua kinywa, akakifunga alipofika karibu, nadhani kwa sababu aliona haya ni mambo ya familia.

Olang'o huvua akiwa ameegemeza kidole kwenye mshipi, ajue kila kinachotokea chini. Mshipi ukakazika.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

Akanivuta. Hakunivuta kama anavyovuta chambo. Alinivuta kama mtu anayetoa ndoo kisimani nyumba ikiwaka moto. Nikatoka majini, nikaning'inia mbele ya uso wake, natiririka, na nilipojitazama nilikuwa mwekundu kuanzia kichwani hadi kwenye ndoana ya nyuma.

Yule nyekundu akabandua plasta, akanirudishia midomo yangu.

"Chukua vitu vyako," akasema. "Havinifai."

Nikavivaa. Wa juu ukakaa chini, nikarekebisha.

"Ni kweli?" Olang'o akauliza.

"Ni kweli. Na huna mkosi, shemeji. Hujawahi kuwa nao. Umekuwa ukirusha rangi mbaya kwa sababu yangu."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Nilikuwa nakukwepa," akasema, "nisije nikakuharibia na wewe."

"Najua. Uliniambia mwenyewe."

"Na ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Ukingoni mtu akamwita tena kwa lile jina, na Olang'o akainua mkono kuitikia. Nikaona hili nalo halingoji.

"Kuna la pili," nikasema.

Akanisogeza karibu na sikio lake. "Sema."

Nikafungua kinywa. Mshipi, ambao ulikuwa umesuguana na ndoana yangu mwenyewe muda wote huo, ukakatika. Nikaanguka, nikayapiga maji, na maji yakawa godoro.

Kulikuwa kumepambazuka. Wakesho alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda amejifunika blanketi lote, ananitazama kwa chuki ya mtu aliyenyimwa usingizi.

"Umetikisika mpaka kitanda kimehama ukuta," akasema. "Unaumwa au umerogwa?"

"Nipe simu."

Nikampigia Olang'o. Kwa majuma kadhaa simu yangu ilikuwa ikiita hadi inachoka. Safari hii iliita mara moja tu.

"Shemeji," nikasema, "ni kuhusu yule samaki mkubwa."

"Ilikuwa nyekundu," Olang'o akasema. "Picha uliibadilisha. Na mimi sina mkosi. Hayo umeshasema."

Nyuma yake nilimsikia dada yangu akiuliza ni nani anapiga simu asubuhi yote hii.

"Kidole changu kimechanwa na mshipi," akaendelea, taratibu, kama mtu anayesoma kitu asichokiamini, "na fimbo sijaigusa tangu Jumamosi iliyopita. Hayo tutayazungumza siku nyingine. Wewe maliza lile la pili."

Wakesho alikuwa ananitazama. Midomo yangu ilikuwa tayari kabisa. Ningeiachia, ingemwambia la pili lilikuwa salamu kwa dada yangu. Nikaishika kwa vidole, nikaisubiri itulie.

"Lile jina la Kapu Tupu," nikasema, "nililianzisha mimi. Pale kibandani. Watu walicheka, nikalirudia."

Nilisikia mlango wa bati ukifunguka kwake, na kuku.

"Hilo," akasema, "sikulijua."

"Najua hukulijua."

"Nilidhani ni yule kijana anayetuuzia petroli ya boti. Nimemnunia wiki tatu nzima. Juzi alinisalimu, nikamtemea mate miguuni."

"Shemeji, nisamehe."

"Vaa nguo," akasema. "Tunapitia kwake kwanza, kabla boti hazijatoka. Na wewe ndiye utakayezungumza."